Ua Mahali pa Tai: Historia ya Muhuri na Bendera ya Wakala wa Mazingira wa Marekani

Katikati ya muhuri wa Wakala wa Hifadhi ya Mazingira wa Marekani, unaofahamika duniani kote kwa herufi tatu, EPA, kumechorwa ua. Si ua la mmea fulani ambao mtu anaweza kuutafuta bustanini akauchuma. Lina bua na majani yanayoinuka pande mbili, na juu ya bua, pale ambapo petali zingechanua, pamekaa mpira. Ndani ya mpira huo mna sehemu tatu: buluu ya anga, kijani cha nchi kavu, na rangi iliyo kati ya buluu na kijani, ambayo ni maji. Kuna pia duara jeupe. Maelezo rasmi ya muhuri yanasema duara hilo ni jua au ni mwezi, bila kuchagua mojawapo. Ukingoni, jina la wakala limezunguka lote.

Katika nchi ambayo serikali yake imezoea kujitambulisha kwa tai, ngao na mishale, ua ni chaguo lisilotarajiwa, na wengi wamelichukulia kuwa pambo la zama zake, zama za vijana wenye nywele ndefu na mashati ya maua. Sikubaliani nao. Ua hili ni hoja ya kisheria iliyochorwa. Linasema kwa rangi tatu kile ambacho Rais Richard Nixon aliliambia Bunge mwaka 1970 kwa kurasa kadhaa: kwamba hewa, ardhi na maji ni kitu kimoja, na serikali iliyovigawa katika ofisi tofauti haiwezi kuvilinda. Anayetaka kujua kwa nini wakala huu ulizaliwa, na ni wapi ulipochechemea, alisome ua hilo sambamba na sheria zake.

Kabla ya 1969: tai, msonobari na nyati

Kwetu barua isiyo na muhuri ni karatasi tu, hata ikiandikwa vizuri namna gani. Wamarekani nao walianza na fikra hiyo. Tarehe 20 Juni 1782, vita vya uhuru vikiwa bado havijamalizwa kwa mkataba, wajumbe wao walipitisha Muhuri Mkuu wa taifa: tai mwenye ngao kifuani, ukucha mmoja umeshika tawi la mzeituni na wa pili mishale 13. Ujumbe wake ni wa dola inayotaka kuheshimiwa, yenye amani mkono mmoja na silaha mkono wa pili. Idara nyingi zilizoundwa baadaye zilimchukua tai huyo huyo, zikambadilisha mkao na kumzungushia jina jipya.

Taasisi zilizoshughulikia maliasili zilifuata njia yao. Huduma ya Misitu ilipoanzishwa mwaka 1905 ilichukua ngao yenye mti wa msonobari. Huduma ya Hifadhi za Taifa, mwaka 1951, ilichukua umbo la ncha ya mshale wa mawe na ndani yake ikaweka nyati wa Marekani, mti mkubwa wa sequoia, milima na maji. Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo kwao husimamia ardhi na maliasili wala haihusiki na polisi, ilikuwa na nyati wake kwa miaka mingi. Nembo hizi ni nzuri, na zinafanana katika jambo moja: kila moja inaonyesha mali yenye mipaka. Msitu una mwisho wake, hifadhi ina lango, nyati wana uwanda wao. Hewa haina lango, na mto ukitoka jimbo moja kuingia jingine hauonyeshi pasi.

Mwaka 1968 Waziri wa Mambo ya Ndani, Stewart Udall, alijaribu kuvunja mazoea. Nyati aliondolewa, ikawekwa nembo ya kisasa ya mikono iliyokinga jua, milima na maji. Mwaka uliofuata utawala ulibadilika, na Waziri mpya, Walter Hickel, akamrudisha nyati. Kisa hiki hutajwa kama mzaha wa ofisini, lakini kwangu kina uzito. Mikono ile ilikuwa na wazo ambalo ua lingekuja kulibeba, nalo ni vitu vyote vya asili katika umbo moja. Ilikosa kitu kimoja tu: wizara yenyewe ilikuwa ile ile, yenye kazi zile zile na mgawanyo ule ule. Nembo mpya ilivishwa chombo cha zamani, ikavuliwa kwa amri moja.

1969 hadi Aprili 1970: picha zilizotangulia sheria

Kitabu cha Rachel Carson, Silent Spring, kilikuwa kimewaamsha wasomaji tangu 1962 kuhusu DDT na dawa nyingine za wadudu. Ila kilichoufanya umma mpana uone mazingira kuwa jambo moja, nadhani, ni picha. Tarehe 24 Desemba 1968, mwanaanga William Anders, akiwa katika chombo cha Apollo 8 kinachouzunguka mwezi, alipiga picha ya dunia ikichomoza juu ya ardhi ya mwezi iliyokauka. Katika picha ile anga, nchi na maji vimo ndani ya mpira mmoja mdogo, na mipaka ya majimbo na wizara haionekani. Wiki tano baadaye, Januari 28, 1969, kisima cha mafuta kilipasuka baharini karibu na Santa Barbara, California, na televisheni zikaonyesha ndege wa majini waliogandamana kwa mafuta meusi.

Halafu Juni 22, 1969, mto Cuyahoga ukawaka moto mjini Cleveland. Moto wenyewe ulizimwa haraka, hata hakuna picha yake iliyopatikana. Jarida la Time lilipoandika habari hiyo Agosti, lilitumia picha ya moto mkubwa zaidi uliowaka juu ya mto huo huo mwaka 1952. Ajali ya 1952 ilikuwa mbaya kuliko ya 1969, lakini haikulitikisa taifa. Picha yake ilipotoka tena miaka 17 baadaye, mbele ya macho yaliyokwisha kufunzwa kutazama, iliwaudhi watu nchi nzima. Anayedai kwamba alama na picha ni mambo ya pembeni katika siasa za mazingira anapaswa kuieleza tofauti hiyo.

Vuguvugu lenyewe lilitafuta bendera yake. Mchoraji wa vibonzo Ron Cobb alichapisha Novemba 1969, katika gazeti la Los Angeles Free Press, alama ya ikolojia iliyounganisha herufi ya kwanza ya neno mazingira na ile ya neno kiumbe, kama yanavyoandikwa kwa Kiingereza, zikatoa umbo la yai lililokatwa kwa mstari katikati. Aliitoa bure kwa umma. Aprili 1970 jarida la Look liliiweka kwenye bendera ya mistari ya kijani na nyeupe, ikiiga bendera ya taifa. Siku ya Dunia, Aprili 22, watu wapatao milioni 20 walitoka mitaani, vyuoni na bustanini. Mwaka huo huo mwanafunzi wa California, Gary Anderson, alishinda shindano kwa kuchora mishale mitatu inayofuatana katika pembetatu, ambayo leo iko kwenye chupa na maboksi kila mahali kama alama ya urejelezaji. Kwa hiyo serikali ilipoingia uwanjani, ilikuta watu wameshajichorea alama zao. Ilibidi ichague ama kuwaletea tai au kuwajibu kwa lugha waliyokwisha kuianza.

Julai hadi Desemba 1970: ua linachanua

Nixon alikuwa ameshatia saini sheria ya sera ya taifa ya mazingira siku ya kwanza ya mwaka 1970. Tarehe 9 Julai alipeleka bungeni Mpango Na. 3 wa kupanga upya serikali. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Uchafuzi wa hewa ulikuwa chini ya Wizara ya Afya, Elimu na Ustawi. Uchafuzi wa maji ulikuwa Wizara ya Mambo ya Ndani. Dawa za wadudu ziligawanywa: Kilimo ilizisajili, Afya ikaangalia mabaki yake kwenye chakula, na Mambo ya Ndani ikachunguza madhara yake kwa samaki na wanyamapori. Mionzi ilikuwa na wenyewe, Tume ya Nishati ya Atomiki ikiwemo. Sasa chukua dawa moja tu, DDT, uifuate. Inapulizwa hewani kutoka kwenye ndege, inatua shambani, mvua inaisukuma mtoni, samaki anaimeza, tai anamla samaki, na mayai ya tai yanakuwa na maganda membamba yanayopasuka kabla ya kuanguliwa. Kila hatua ya safari hiyo ilikuwa na ofisi yake, na hakuna ofisi iliyokuwa na safari nzima.

Desemba 2, 1970 wakala mpya ulifungua milango yake, ukiwa umeundwa kwa vipande vilivyong'olewa katika wizara hizo. Msimamizi wake wa kwanza, William Ruckelshaus, mwanasheria wa miaka 38 kutoka Indiana, alipokea watumishi waliokuwa wametawanyika katika majengo mbalimbali ya Washington, kila kundi na mazoea ya nyumba lilikotoka. Muhuri wenye mpira wa rangi tatu juu ya bua moja ulikuja kuwakilisha kundi hilo. Watu wa maji walijiona humo, wa hewa wakajiona, wa udongo na dawa za mashambani wakajiona, na wote wakaona kwamba wanalishwa na mzizi mmoja. Hapa ndipo ua linapotofautiana na ile mikono ya 1968. Sasa chombo kipya kilikuwepo nyuma ya nembo mpya, na kwa sababu hiyo nembo ilikaa.

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni zito. Wakala huu kazi yake ni kutekeleza sheria, kutoza faini na kuwashitaki wachafuzi wakubwa. Ua litamtisha nani? Mwenye kiwanda cha chuma atatetemeka vipi mbele ya mche? Jibu la kwanza lilitoka kwa Ruckelshaus mwenyewe. Hajamaliza hata wiki mbili ofisini, aliipa miji ya Atlanta, Cleveland na Detroit siku 180 iache kumwaga maji machafu yasiyosafishwa mitoni, la sivyo ikabiliane na mahakama. Miezi 18 baadaye, Juni 1972, alipiga marufuku karibu matumizi yote ya DDT nchini humo. Amri hizo hazikudharauliwa eti kwa kuwa wakala haukuwa na tai. Jibu la pili ni la ndani zaidi. Chombo hiki kiliomba watu waamini vitu wasivyoweza kuviona: sehemu chache za sumu ndani ya sehemu milioni za maji, gesi isiyo na rangi, mionzi isiyo na harufu. Askari hutii muhuri wa nguvu. Mama anayeambiwa asimpe mtoto samaki wa mto fulani anahitaji kuamini kwamba anayemwambia yuko upande wa mtoto.

Bendera

Muhuri ukishapatikana, katika serikali ya shirikisho bendera hufuata karibu yenyewe: muhuri unawekwa katikati ya kitambaa. Bendera ya EPA nayo ilizaliwa hivyo. Husimama nyuma ya msimamizi anapotangaza jambo, kando ya bendera ya taifa, na imefuata wakala katika ofisi zake kumi za kanda. Wataalamu wa bendera hawaupendi mtindo huu, na wana haki. Muhuri ni kitu cha karibu, hutengenezwa kwa jicho lililoinama juu ya karatasi. Bendera ni kitu cha mbali, hutengenezwa kwa jicho lililoinuka, upepo unapoikunja na kuikunjua. Maandishi ya duara hayasomeki kutoka upande wa pili wa barabara, na ukienda nyuma ya kitambaa chepesi herufi zinageuka. Bendera nzuri mtoto huichora kwa kumbukumbu.

Ila pingamizi hili, nikilitazama vizuri, linawabana wenye tai kuliko wenye ua. Simama mbali, mahali ambapo herufi zimepotea. Mihuri mingi ya serikali kwa umbali huo ni duara la dhahabu na kitu chenye mabawa, na huwezi kujua ni ya wizara ipi. Ua la EPA bado ni ua, buluu juu na kijani chini. Kwa bahati au kwa kusudi, muhuri huu ulikuwa na umbo moja linalobaki baada ya maneno kufifia, na umbo hilo ndilo lililowavutia wasanifu walioitwa miaka michache baadaye.

1972 hadi 1977: kitabu cha kanuni za michoro

Sheria zilizotungwa na Bunge baada ya wakala kuanzishwa hazikufuata mpira mmoja. Sheria ya hewa safi ilitiwa saini Desemba 31, 1970. Ya maji ilipita Oktoba 1972 juu ya kura ya turufu ya Nixon yule yule. Ya maji ya kunywa ilikuja 1974, na 1976 zikaja mbili, moja ya taka na moja ya kemikali za sumu. Kila sheria ilikuja na fedha zake, kamati zake bungeni na makataa yake, na kila moja ikajijengea ofisi ndani ya wakala. Ofisi zikaanza kuchapisha, kila moja kwa ukubwa wake wa karatasi, herufi zake na hata nembo yake. Mwananchi aliyepokea kijitabu kuhusu moshi na kingine kuhusu majitaka asingejua vimetoka mlango mmoja.

Wakati huo Mfuko wa Taifa wa Sanaa ulikuwa ukiendesha programu, iliyoanza 1972, ya kuboresha usanifu wa kazi za serikali. Ndiyo iliyoipa NASA ile alama ya herufi nyekundu zinazopinda, mwaka 1975. EPA ilipata zamu yake kupitia kampuni ya Chermayeff & Geismar ya New York, na kazi ikabebwa na Tom Geismar pamoja na Steff Geissbuhler, msanifu mzaliwa wa Uswisi. Kampuni hiyo ilikuwa imeshachora nembo ya kampuni ya mafuta ya Mobil, mwaka 1964. Waliyoyafanya yalikamilika 1977 katika kitabu cha kanuni za michoro. Ua halikufutwa. Lilisafishwa: mistari ikapunguzwa, maumbo yakawa mazito na bapa, likaweza kuchapwa kwa rangi moja juu ya gari, kopo la sampuli au bahasha bila kupoteza sura. Kisha kila eneo la kazi, kama vile hewa, maji, kelele, mionzi, taka na dawa za wadudu, likapewa mchoro wake wa kurudiarudia wa kujaza majalada, lakini majalada yote yakashika mpangilio mmoja na alama moja.

Huo ulikuwa uamuzi wa busara, na ndio moyo wa hoja yangu. Wasanifu hawakudanganya kwamba wakala ni kitu kimoja ilhali sheria zilikuwa zimeugawa. Waliukiri mgawanyiko kwa michoro tofauti, kisha wakaufunga kwa ua moja. Ninaweza kuambiwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba fedha za kuwalipa wasanifu zingejenga mtambo wa kusafisha maji. Lakini gharama ilikuwa inalipwa tayari, kila ofisi ikibuni upya kila chapisho kuanzia sifuri. Kitabu kimoja cha kanuni kiliwekwa ili gharama hiyo ikome. Na taarifa ya hatari isiyosomeka haimlindi mtu, hata iwe ya kweli kiasi gani.

1981 hadi 1983: wakati ua halikutosha

Haki inataka nikiri upande wa pili. Mwaka 1981 Anne Gorsuch aliteuliwa kuongoza wakala, bajeti ikakatwa sana, na utekelezaji wa sheria ukapungua. Mgogoro kuhusu fedha za kusafisha maeneo yenye taka za sumu ulifika bungeni, na Machi 1983 Gorsuch akajiuzulu. Imani ya umma ilikuwa imeporomoka, na siku zote hizo ua lilikuwa pale pale kwenye bahasha na mlingotini. Nembo haikumzuia mtu kufanya lolote. Serikali ililazimika kumrudisha Ruckelshaus. Nembo haizai imani, huitunza tu pale matendo yanapoiweka, na mwaka 1983 matendo yalikosekana.

Hata hivyo sheria yenyewe inaonyesha kwamba kulikuwa na kitu cha thamani cha kutunzwa. Kughushi muhuri wa wakala wowote wa serikali ya Marekani kunaweza kumfunga mtu hadi miaka mitano, na EPA haiwaruhusu wafanyabiashara kutumia muhuri wake kana kwamba imezipitisha bidhaa zao. Mchoro usio na maana haulindwi hivyo.

Baada ya 1990: safari ya risasi, na ua lililobaki

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kwamba hoja ya mwaka 1970 ilikuwa sahihi. Risasi ilitiwa kwenye petroli, ikatoka na moshi hewani, ikatua kwenye vumbi la barabarani, ikaingia kwenye damu ya watoto. EPA ilianza kuipunguza mwaka 1973, na kuanzia Januari 1996 ikakoma kabisa katika magari ya barabarani ya Marekani. Kutoka Nairobi, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliongoza ushirikiano uliozinduliwa 2002, EPA ikiwa mmoja wa washirika, na kuanzia 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha kuiuza 2021. Anga, ardhi na mwili katika safari moja, kama ilivyokuwa kwa DDT.

Mwaka 2017 kile kitabu cha 1977 kilichapwa upya na wasanifu wa New York, pamoja na baadhi ya picha za Documerica, mradi wa wakala wenyewe wa miaka ya 1970 uliowatuma wapiga picha kote nchini kuonyesha hali ya mito, miji na migodi. Mwaka uliofuata gazeti la New York Times liliripoti kwamba msimamizi wa wakati huo, Scott Pruitt, alitaka sarafu ya kumbukumbu isiyo na nembo ya wakala, na mtumishi mmoja mstaafu akalieleza kwamba walisikia hapendi ua hilo kwa kuwa linafanana na jani la bangi. Pruitt alijiuzulu Julai 2018. Ua halikuondolewa.

Hadi leo sheria za hewa, maji na taka zimebaki mbalimbali, kila moja na ofisi yake, bajeti yake na wanasheria wake. Kwenye muhuri na bendera ya wakala, vitu vyote vitatu bado viko ndani ya mpira mmoja, juu ya bua moja.